Jibini la Papai na Vibuyu Vinne vya Mama Kabula

Ninyi mliopita jikoni kwangu mnalijua hili, na wengi mlinicheka. Maziwa yakifika, kabla sijayatia sufuriani, namimina kidogo kikombeni, naonja, kisha nasema kwa sauti: "Ni matamu." Hata nikiwa peke yangu nasema. Binti mmoja pale kazini aliwahi kumnong'oneza mwenzake kwamba bibi ameanza kuongea na maziwa. Nilimsikia. Sikumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu na lina aibu ndani. Leo nimestaafu, hakuna wa kunifukuza tena, basi kaeni niwaambie.

Lakini tuanze na jibini lenyewe, maana nawajua, wengine mmenijia kwa ajili ya hilo tu. Chizi, kama mnavyoliita. Chukua maziwa ya ng'ombe ya asubuhi hiyo hiyo, lita tano hivi. Yachemshe taratibu huku ukikwangua chini yasishike. Yakipanda, punguza moto, tia maji ya limau kijiko kwa kijiko, koroga mara mbili tatu, kisha acha. Nimesema acha! Hapo ndipo mnapoharibu, mkono hautulii. Yenyewe yatakatika, utaona mabonge meupe na maji ya rangi ya majani makavu. Tandika kitambaa safi cha marekani kwenye chujio, mimina, funga fundo, ning'iniza. Ukitaka la kupaka, saa moja linatosha. Ukitaka la kukata, ngoja zaidi. Usilikamue kama unafua shuka, litakuwa gumu na hutakuwa na wa kumlalamikia.

Ukishalishusha, tia chumvi, asali kidogo, na malai ya juu ya maziwa ili lilainike. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Viringisha kwenye karanga zilizokaangwa zikatwangwa nusunusu, zisiwe unga. Kando weka vipande vya embe au chungwa la Ukerewe. Hapo umemaliza kianzio cha kumpa mtu yeyote.

Neno hilo, kianzio, lilinipa taabu sana. Mimi ni mtoto wa Nansio. Kwetu mgeni anapakuliwa mpaka aseme basi, na akisema basi unamwongeza kidogo. Mpishi mkuu wetu, Mzee Thadeo, Mhaya mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipanga vidonge tisa kwenye sahani ya mtu mmoja.

"Sabina," akaniambia, "hiki ni chakula cha kumtia mtu njaa. Vitatu."

"Mzee, njaa si anayo tayari? Ndiyo maana amekuja hotelini."

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini akaviondoa sita, na vile sita tukavila sisi. Yeye jibini alilijifunza ujanani kwa masista wa misheni kule kwao, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku kama sala. "Onja mwanzo, onja mwisho. Katikati hapo chakula kinaweza kugeuka tabia." Nilikuwa naitikia "ndiyo, Mzee" huku mawazo yangu yako kwingine. Laiti ningemsikiliza.

Sasa mjue hali ilivyokuwa. Hoteli yetu pale ufukweni Mwanza ilikuwa mali ya shirika la umma, na mashirika yalikuwa yanauzwa. Soko huria limeingia, kila mtu anasema mwekezaji, mwekezaji. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kwenye kiwanda cha nguo, anashinda nyumbani kwetu Buzuruga akitengeneza viti ambavyo hakuna aliyeviagiza. Watoto watatu. Mshahara uliobaki ni wangu. Na sisi jikoni tulikuwa kumi na mmoja, tukaambiwa watabaki watano, na majina yatabandikwa mwisho wa mwezi.

Jamani, kuishi mkingoja karatasi ya ubaoni si mchezo. Watu waliofanya kazi pamoja miaka kumi wakaanza kufichana visu. Ukimsikia Meneja anakohoa koridoni, unashika ufagio hata kama pameshafagiwa. Mimi nilikonda, sketi ya kazi nikawa naifunga na pini. Nilikuwa nikilala naota nimesahau kuwasha jiko.

Basi Meneja akatutangazia kwamba mwekezaji anakuja kula chakula cha mchana, pamoja na wageni wake wanaonunua minofu ya sangara. Kila mpishi apike kitu kimoja, mwekezaji aonje mwenyewe, achague. Mimi nikapewa kianzio. "Lile jibini lenu la Mzee Thadeo," akasema Meneja. Na Mzee Thadeo siku mbili kabla alikuwa amepanda meli kwenda Bukoba, kafiwa na kaka yake. Nikabaki na jibini lake na roho yangu juujuu.

Maziwa yetu yalikuwa yanaletwa na Mama Kabula wa Buswelu. Msukuma, mama mtu mzima, mrefu, mkimya, anakuja kwa miguu alfajiri na dumu kichwani bila kulishika. Miaka sita hakuwahi kuchelewa, na maziwa yake hayakuwa na tone la maji. Wachuuzi wengine walikuwa wanatia maji, wengine walikuwa wanatia na unga ili yaonekane mazito. Yeye ukimwambia maziwa yako mazuri, anasema "mh" tu, lakini unaona amefurahi. Siku ile nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Leo ndiyo leo."

"Mungu yupo," akasema, akanimiminia na nyongeza kidogo.

Nilichemsha, nikatia limau, yakakatika vizuri kabisa. Hofu ndiyo iliyoniharibia. Nikaona maji hayachuruziki haraka, mawazo yakaniambia utachelewa, utachelewa, nikalishika lile furushi nikalikamua. Nikalikamua kama ninyi nilivyowakataza sasa hivi. Nilipofungua kitambaa, jibini lilikuwa gumu, linanesanesa kama soli ya kandambili. Nikalitia malai, halikunywa. Nikaliponda kwa uma, likawa punjepunje kama mchanga. Saa nne kasoro, maziwa mengine hakuna mpaka kesho, na umeme ndiyo umekatika.

Nikazunguka jikoni nikishika hiki na kuacha kile. Ndipo nikaliona papai.

Sasa hapa mnisikilize, kwa sababu kosa hili haliwezi kufanywa na mpishi wa nchi za mbali, ni kosa la mpishi wa huku kwetu. Ng'ombe wetu wa Usukuma ametembea maisha yake yote akitafuta majani na maji. Nyama yake ina ladha, lakini ni ngumu, inataka meno na subira. Kila mpishi wa Mwanza anajua dawa yake ni papai. Unaponda papai ambalo halijaiva sawasawa, unaipaka nyama, unaiacha, na nyama inalegea yenyewe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara elfu. Nikajiambia, Sabina, kama papai linamlegeza fahali mzee, litashindwa na jibini?

Nikaponda nusu ya papai, lile la kijani kwa nje na njano kwa ndani, nikachanganya. Loo! Si muda, jibini likaanza kukubali. Likalainika, likawa linapakika kama siagi. Nikaonja: tamu, lina harufu ya tunda. Nilitaka kuruka. Nikafinyanga vidonge, nikaviringisha kwenye karanga, nikavipanga vitatu vitatu na embe pembeni, nikavifunika kwa kitambaa. Friji haina umeme na jiko linawaka, jikoni pale ni kama tanuri, lakini nikaona si kitu. Mwanzo nimeonja. Mwisho sikuonja. Nilikuwa naogopa kugusa sahani zilizokwisha pangwa nisiziharibu.

Saa nane ndiyo wakaketi. Nilipofunua kitambaa niliona vidonge vimekaa chini kidogo, vimebonyea, na karanga zimelowa. Nikavirekebisha kwa kijiko, sahani zikaondoka.

Nilisimama nyuma ya mlango wa kusukuma, ule wenye kioo cha duara. Mwekezaji alikata kidonge kwa uma na maji yakatoka ndani. Akala. Akaacha kutafuna. Akachukua kitambaa cha mezani, akatema ndani yake kwa adabu, akanywa maji, kisha akanywa tena. Mgeni wa pembeni yake akasukuma sahani bila hata kula embe.

Meneja aliingia jikoni amebeba sahani moja, uso umemvimba. "Onja!"

Nikaonja. Mungu wangu. Uchungu ule haukuwa wa kuungua wala wa limau. Ulikuwa kama wa mwarobaini, unakaa nyuma ya ulimi haushuki. Mwekezaji naye alikuwa ameshaingia nyuma yake, kasimama mlangoni na suti yake, mpole tu. Akauliza, "Hii imetokana na nini?"

Wenzangu tisa wote wananiangalia. Mawazoni nilimwona mume wangu na vile viti vyake. Na nawaambia ukweli, dakika ile sikujua sababu. Papai sikulifikiria kabisa. Nikafungua mdomo.

"Ni maziwa," nikasema. "Maziwa yaliletwa machungu."

"Nani analeta?"

Nikamtaja.

Mwekezaji akatikisa kichwa. Akamwambia Meneja kuanzia kesho watumie maziwa ya unga ya kopo, kwa sababu hoteli haiwezi kutegemea madumu ya watu. Kisha akaniambia pole. Pole! Ile pole imenikaa mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata Mama Kabula alirudishwa getini na dumu lake limejaa. Sikutoka. Nilijifanya namenya viazi.

Siku ya tatu akaja tena. Mlinzi akaniita kwamba nina mgeni mlango wa nyuma. Nikamkuta amesimama juani na kikapu, ndani yake vibuyu vinne vidogo. Kila kimoja kimefungwa uzi shingoni: mwekundu, mweusi, mweupe, wa kijani. Meneja alikuwa pale pale anahesabu kreti za soda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakukaa kwenye stuli niliyompa. "Mimi ng'ombe wangu wa kukamuliwa ni wanne. Nimewakamua mbali mbali. Nimeonja wote, mimi sioni kitu. Lakini wewe ndiye mpishi, ulimi wako umesoma. Nionjee, unioneshe ni yupi mchungu, nimtoe kwa wenzake."

Nikaonja cha kwanza. Kitamu. Cha pili kitamu. Maziwa yakanimwagikia kwenye aproni. Cha tatu kitamu, cha nne, chenye uzi mwekundu, ndicho kilichokuwa kitamu kupita vyote, kama kimetiwa asali. Nikainua macho. Meneja ameacha kuhesabu kreti, anasikiliza.

Nikisema vyote vitamu, basi kosa ni la nani? Langu. Na karatasi bado haijabandikwa.

"Labda hiki," nikasema. Nikagusa kile cha uzi mwekundu. Mpaka leo sijui kwa nini nilikigusa kile. Labda kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono.

Mama Kabula aliniangalia. "Huyu?"

"Labda, Mama. Sina hakika sana."

"Huyu ni yule mwekundu wa mahari ya Kabula." Akasema hivyo tu. Akaviweka vibuyu kikapuni kimoja kimoja, akaniaga, akaondoka. Nikarudi kwenye viazi.

Mzee Thadeo alirudi kutoka msibani baada ya wiki. Nilimpa pole, kisha nikamsimulia mkasa wote, nikitegemea anionee huruma. Alisikiliza. Halafu akauliza swali moja.

"Ulililainisha na nini?"

"Papai."

Akavua miwani. Safari hii hakucheka. "Papai linakula nyama, Sabina. Na jibini ni nini, kama si nyama ya maziwa? Limelila mpaka likawa maji na uchungu. Nanasi bichi ni vile vile. Ukitaka kuyatumia humo, yachemshe kwanza na sukari, nguvu zake zife." Akavaa miwani yake tena. "Na yule mama?"

Nikashika sufuria nikaanza kuisugua.

"Mimi sitasema," akaniambia. "Utasema wewe."

Nilimwambia nitasema karatasi ikishabandikwa. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo nilivyojiambia kila nikipiga mswaki. Mwisho wa mwezi karatasi ikabandikwa, jina langu la nne kati ya matano. Wenzangu sita wakafungasha vitu vyao huku wakilia, na mimi nililia nao, lakini kilio changu kilikuwa na kingine ndani. La Mzee Thadeo lilikuwa la kwanza. Aliponipongeza hakunipa mkono. Nikasema nitakwenda Buswelu nikimaliza miezi ya majaribio. Hofu ikishazoea nyumba yako haikosi sababu ya kukaa.

Kilichonitoa ni habari niliyoisikia Buzuruga, kwenye foleni ya bomba. Mwanamke mmoja akisimulia kwamba huko Buswelu kuna mama maziwa yake yametiwa mkono wa mtu, yanakuwa machungu, hata hotelini wameyakataa. Majirani hawanunui tena. Amempeleka ng'ombe mnadani, ng'ombe wa mahari ya bintiye, na wakwe wamekasirika wakisema ameidharau mahari yao. Niliiacha ndoo yangu pale pale kwenye foleni.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilitembea mpaka Buswelu na viatu vikiwa mkononi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nikiyapanga yalikuwa yananitetea. Nilipofika nilimkuta Mama Kabula anafagia zizi. Alivyoniona aliegemeza ufagio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umepotea."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi la zizi, na maneno yote niliyopanga yakaniponyoka. Nilisema tu, "Mama, lilikuwa papai. Mimi ndiye niliyetia papai. Maziwa yako hayakuwa na kitu."

Akaingia ndani. Nikadhani ameniacha. Akatoka na kikombe cha bati kimejaa maziwa, na akawaita majirani kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wakaja, wanawake watano sita, na mzee mmoja mwenye bakora.

"Huyu ndiye mpishi wa hotelini," akawaambia. Akanipa kikombe. "Kunywa."

Nikanywa.

"Ni machungu?"

"Ni matamu," nikasema kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia."

"Ni matamu!"

Majirani wakaangaliana. Mzee wa bakora akaomba kikombe, akanywa, akafuta ndevu, akampelekea aliye pembeni yake. Kikazunguka mpaka kikaisha.

Nilikwenda kumwambia mwekezaji siku hiyo hiyo. Aliniondoa jikoni, nikaosha vyombo mwaka mzima, na nilishukuru kwa hilo. Aliagiza maziwa ya Mama Kabula yarudi. Mama Kabula akajibu kwamba maziwa yapo, lakini yeye getini hapo hasimami tena, anayeyataka ayafuate. Ndiyo maana kwa miaka yote ile mliniona natoka Buswelu asubuhi na dumu, mpaka miguu iliponishinda.

Lakini siku ile ya kwanza, majirani walipokwisha kutawanyika, tulibaki wawili pale zizini. Ng'ombe watatu walikuwa wamesimama wanacheua. Nafasi ya wa nne ilikuwa wazi, kigingi kipo, kamba haipo. Mama Kabula alikuwa anakiangalia kigingi, haniangalii mimi.

"Na yule mwekundu?" akauliza. "Siku ile uliponionjea. Maziwa yake yalikuwaje?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Yalikuwa matamu kuliko yote, Mama."

Akatikisa kichwa polepole, akachukua ufagio.

"Nilikuwa naonja kila asubuhi," akasema. "Nasikia utamu. Nikajua ni ulimi wangu ndio umekufa."